Gari likifunga breki lenyewe ukagongwa nyuma, kosa la nani? Niuzime huu mfumo?

#1 Kobe Mwendo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni kabla sijachukua uamuzi wa hasira.

Nina gari ya Kijapani ya 2016, nimeiagiza mwaka jana. Kampuni sitaji, najua uzi utageuka kuwa wa ushabiki. Ina kamera moja juu ya kioo cha mbele na rada imejificha nyuma ya nembo kwenye shoo.

Alhamisi jioni natoka mjini, niko Kimara, spidi kama 40. Bodaboda kanipita kushoto, kakata mbele yangu kwenda kulia. Kitu cha kila siku, wala sikuunyanyua mguu kwenye mafuta maana nilishaona anamaliza kupita. Gari likalia pi pi pi, dashibodi ikajaa maneno mekundu ya Kijapani, na sijameza hata mate likafunga breki. Kufunga kweli, siyo kupunguza mwendo. Mkanda ukanikaba kifua. Bodaboda akaenda zake, hajui hata alichosababisha. Sekunde haijaisha, puu! Daladala mgongoni.

Kondakta kashuka anaruka: "Mzee umeona nini mbele?" Nikakosa jibu. Nimwambie gari ndilo limeona? Trafiki naye nilipomweleza alinisogelea puani kunusa.

Bampa la nyuma limekwenda, taa moja, mlango wa nyuma umeingia ndani. Hoja yangu ni hii: mifumo hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoendesha kama wako kwenye foleni ya benki. Kwetu inaleta ajali. Nataka kuizima jumla. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Chumvi Nyingi

Pole mkuu. Trafiki kunusa ni haki yake, hata mimi ningekunusa.

#3 Mama Lami

Pole kaka. Ila mwenye kosa ni daladala, hata mtoto wa chekechea anajua anayegonga nyuma ndiye mwenye kosa. Leo gari limefunga kwa bodaboda, kesho ungefunga wewe kwa ajili ya mtoto, angekugonga vilevile.

#4 Fundi Nyaya

Mkuu Kobe, kabla hujazima chochote nijibu. Kioo cha mbele ni kilekile kilichotoka Japani? Bampa la mbele au shoo vimewahi kufunguliwa? Tairi ni saizi ya kiwandani?

Nauliza kwa sababu nusu ya gari za namna hii zinazoletwa kwangu na malalamiko, shida haiko kwenye mfumo. Iko kwa aliyeligusa gari kabla yangu.

#5 Wakala wa Mnada

Taja gari mkuu, tutajuaje? Kuna tofauti kubwa. EyeSight ya Subaru rada yake ni nzuri sana, haifanyi ujinga huo. Za Toyota za 2015 kulikuwa na aina mbili, na ile ndogo ni ya kawaida tu.

#6 Kijana wa Stuttgart

Wakala #5, hapo umechapia. EyeSight ya mbele haina rada kabisa, sifa yake yote ni kamera mbili zilizokaa juu ya kioo kama macho ya binadamu. Inalinganisha picha ya kushoto na ya kulia, tofauti yake ndiyo inayopima umbali. Ilitoka Japani 2008. La Toyota uko sawa: Toyota Safety Sense ilianza 2015 ikiwa na C na P. C ni ya gari ndogo, kamera na leza. P ni kamera na rada ya mawimbi ya milimita. Na C ya mwanzo ilikuwa inatambua magari tu, mtu kwa miguu haimjui. Wenye Axio na Fielder za miaka ile msijiamini mbele ya shule.

#7 Wakala wa Mnada

Nimekubali, kamera mbili. Ulimi uliteleza. Nimeuza Forester kibao na wateja wote wanaziita rada.

#8 Kobe Mwendo

Fundi #4: kioo cha mbele nilibadilisha mwezi wa tatu, jiwe la lori lilikipasua njiani kutoka Morogoro. Nilibadilishia duka moja mjini, dakika arobaini kazi imekwisha, kamera wakairudisha palepale. Tairi nimepandisha saizi moja sababu ya mashimo. Shoo sijui ya nyuma huko, mimi sijaigusa.

#9 Fundi Nyaya

Haya. Nilijua tu.

Kamera ile ikitolewa kwenye kioo lazima isetiwe upya. Kuna kibao chenye michoro kinasimamishwa mbele ya gari, sakafu iwe sawa, upepo wa tairi uwe sawa, umbali upimwe kwa futi, halafu mashine inaiambia kamera "katikati ni hapa". Gari nyingine unaziendesha kwenye barabara yenye mistari zijisome zenyewe. Hesabu ni ndogo: kamera ikikosea nyuzi 1 tu, mita 50 mbele picha imehama karibu sentimita 87. Bodaboda aliyekwishatoka kwenye njia yako, kamera bado inamwona yuko mbele ya pua.

Hao wa dakika arobaini waliweka gundi tu. Kioo chenyewe pengine si cha gari yenye kamera. Kile huwa na sehemu ya kukalia kamera iliyonyooka, cha kawaida kinapindisha mwanga kidogo pale juu.

#10 Chumvi Nyingi

Kwa hiyo bodaboda hana hatia. Leo nimeyaona.

#11 Mwalimu wa Fizikia

Fundi amesema la maana ila tusikimbilie kioo. Mimi nadhani gari lilifanya kazi yake sawasawa.

Mfumo huu haujui nia ya bodaboda. Unajua vitu viwili, umbali hadi kitu kilicho mbele na kasi ambayo umbali huo unapungua. Unagawanya, unapata sekunde zilizobaki kabla ya kugongana. Zikishuka chini ya kiwango, unalia. Zikishuka zaidi, unafunga. Bodaboda alipokata mbele yako pengine alikuwa mita 5 na amepunguza mwendo ili apinde. Kwa hesabu ya mashine umeshamgonga. Wewe hukumgonga kwa sababu unajua tabia za bodaboda wa Kimara kwa miaka yako yote, na elimu hiyo mashine haina.

Sasa upande wa nyuma. Spidi 40 ni mita 11 kila sekunde. Mtu wa kawaida anahitaji sekunde moja mpaka moja na nusu kuona taa nyekundu na kufikisha mguu kwenye breki. Hiyo ni mita 11 hadi 17 anasafiri bila breki. Daladala yetu huwa iko mita ngapi nyuma yako jioni? Nne? Ana theluthi ya sekunde. Hata angekuwa dereva wa mbio za magari angekugonga.

#12 Mama Lami

Mita nne nyingi mwalimu. Mimi huwa naona jino la dhahabu la dereva kwenye kioo changu.

#13 Kobe Mwendo

Mwalimu #11 unanitetea au unanimaliza? Maana umesema kile nilichosema mwanzo: mashine haijui barabara zetu.

#14 Mkulima wa Houston

Salaam kutoka Texas. Kobe usijione mjinga, jambo lako limefanyiwa utafiti na jibu lake liliwashangaza hata wenyewe.

Huku kuna taasisi ya kampuni za bima, IIHS, wanafuatilia ripoti za polisi za ajali. Utafiti wao uliochapishwa 2017 uliangalia gari zenye onyo la sauti tu na gari zenye onyo pamoja na breki ya kujifunga. Kugonga wa mbele: zenye onyo tu zilipungua asilimia 27, zenye onyo na breki asilimia 50. Nusu nzima! Ila shuka chini kidogo. Walihesabu pia mara ngapi gari hizo ZINAGONGWA nyuma. Zenye onyo tu zilipungua asilimia 13. Zenye onyo na breki ziliongezeka asilimia 20.

Rudia kusoma hapo. Ikifunga yenyewe, wewe humgongi wa mbele, ila wa nyuma anakugonga zaidi. Na huku watu wanaacha nafasi kuliko Kimara.

#15 Kobe Mwendo

ASANTE. Mnaona? Nachapisha hii nampelekea trafiki.

#16 Mtoto wa Bima

Usimpelekee bosi, atakuandikia na wewe kosa. Nafanya kazi kwenye madai ya bima, kampuni sitaji na mimi. Kwa mazoea ya huku, aliyegonga nyuma ndiye anayelipa. Ukienda kuandika kwenye maelezo kwamba gari lilifunga lenyewe bila sababu, umempa wakili wa daladala mlango wa kuingilia. Andika "nilipunguza mwendo kumkwepa mwendesha pikipiki". Si uongo, gari ni lako, na bodaboda alikuwepo.

#17 Mama Lami

Watu wa bima mtaingia peponi kwa sharti gani.

#18 Kijana wa Stuttgart

Houston #14 namba zako ni sahihi, tafsiri ndiyo nina wasiwasi nayo. Asilimia 50 ya kugonga na 20 ya kugongwa haziko kwenye mizani moja. Aliyefunga breki kugongwa nyuma kwa mwendo uliokwishapungua siyo sawa na kuingia na uso kwenye tela. Na huyo anayekugonga nyuma, lake hilo gari halina mfumo. Siku nalo likiwa nao, linafunga pamoja na lako. Tatizo lenu ni kwamba mko katikati ya daraja, wachache wanayo na wengi hawana.

Ulaya wameamua kumaliza mjadala kwa sheria. Tangu Julai 2024 kila gari mpya inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima iwe na breki ya kujifunga, ya kukushikilia kwenye mstari, na ile ya kukukumbusha spidi. Hii ya spidi inaudhi! Kila ukiwasha gari inajirudisha, baba mwenye nyumba wangu kila asubuhi anaizima huku anatukana, ndiyo sala yake.

#19 Jembe la Tunduma

Naingia na mimi, natokea kwenye malori, Dar Tunduma miaka 14.

Hizi vichwa tunazoletewa zimetumika Ulaya zimekuja na hiyo kitu zamani kabla ya gari zenu ndogo. Kule malori makubwa mapya yalilazimishwa tangu Novemba 2015. Mimi kichwa ninachokishika kinayo. Na swichi ya kuzima ipo. Nani kaniambia nizime? Hakuna, nilijifunza Kitonga. Unashuka na tani 28, mbele kuna kona, ukingo wa kona una kibao cha mshale. Mashine inaona kibao, inadhani ni gari limesimama, inapiga kelele. Siku ikifunga pale na mzigo, tela linakuja kukusalimia dirishani.

Ila tambarare ya Makambako usiku naiacha. Nimeshasinzia mara moja. Sisemi zaidi.

#20 Chumvi Nyingi

Jembe unasinzia na tani 28 na sisi tuko mbele na Vitz. Mods mfungieni huyu.

#21 Jembe la Tunduma

Nilisema mara moja. Wewe hujawahi kusinzia kanisani?

#22 Nairobi Mkavu

Niaje wadau. Hapa Kenya gari ikipita miaka minane haiingii nchini, kwa hivyo karibu kila mtumba unaoshuka Mombasa siku hizi uko na hii kitu, upende usipende.

Mimi yangu ilinionyesha mambo mawili tofauti. Mchana Thika Road, matatu ilinikatia, gari ikashika breki kabla yangu, nikasema asante Mungu na asante Japani. Halafu usiku natoka Nakuru, nimeiwekea ile ya kufuata gari ya mbele yenyewe, spidi 90. Gari ya mbele ikahama laini ghafla. Kumbe kuna lori limeharibika barabarani, taa hakuna, wameweka yale matawi ya miti vile kawaida. Yangu haikuona chochote! Tena ilikuwa inaongeza mwendo kwa sababu mbele "kumefunguka". Nilifunga mwenyewe, nikasimama nikiwa nasoma namba ya tela.

Makanika wangu pale Kirinyaga Road aliniambia rada ilikuwa chafu. Ilikuwa safi, niliiosha mwenyewe.

#23 Mwalimu wa Fizikia

Nairobi, pole. Hilo lako linaeleweka na halihusiani na uchafu. Rada inapima mwendo wa kitu kwa jinsi mawimbi yanavyorudi yamebadilika. Kitu kilichosimama kinarudisha mwangwi sawa na daraja, kibao, nguzo, kopo la soda barabarani. Rada ikipigia breki kila kilichosimama utafika Nairobi kesho kutwa. Kwa hiyo mifumo mingi, hasa ya zamani, ukiwa spidi kubwa inapuuza vilivyosimama mpaka kamera ithibitishe kuwa lile ni gari. Usiku, tela limejaa vumbi, taa hakuna, kamera ithibitishe nini?

Na matawi ndiyo kabisa. Sisi tukiona matawi barabarani tunasoma sentensi nzima: mbele kuna gari bovu, punguza. Mashine inaona majani.

#24 Mama Lami

Hilo la matawi limenifurahisha. Alama ya barabarani ya Afrika Mashariki nzima na hakuna mhandisi hata mmoja aliyeiingiza kwenye programu.

#25 BuibuiMweupe

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, niko Maskati mwaka wa tisa. Mwasema matawi, sie huku tuna ngamia. Njia ya kwenda Salala usiku, mia na ishirini, ngamia kasimama katikati kama mwenye mji. Miguu myembamba, kiwiliwili kiko juu. Ukimgonga, miguu yapita chini na mwili waja kwenye kioo. Gari yangu mpya kabisa, ina kila kitu, na kitabu chake chasema wazi wanyama si wajibu wake. Watu hawasomi kile kitabu, ndo shida yenu na yetu.

#26 Wakala wa Mnada

Volvo wao waliweka ya kutambua wanyama wakubwa, wanajipima na yule mnyama mkubwa wa pembe wa huko kwao Sweden, wanamwita moose. Ndio walioanzisha mambo yote haya ya breki ya kujifunga.

#27 Kijana wa Stuttgart

Wakala leo huna bahati 😂. Honda Inspire ya Japani ilikuwa inajipigia breki tangu 2003. Volvo City Safety ilikuja 2008 na XC60, nayo ilikuwa ya leza, mwisho spidi 30. Kilichowapa Volvo jina ni kwamba waliiweka kwenye kila XC60, hukulazimika kuilipia zaidi. Na ukitaka asili kabisa, Profesa Ernst Dickmanns wa huku 1995 alipeleka Mercedes yenye kamera kutoka Munich hadi Denmark na kurudi, zaidi ya kilomita 1,600, sehemu kubwa gari likijiendesha.

La wanyama ni kweli. Ila walipokwenda Australia mfumo ulichanganyikiwa na kangaruu, 2017 walikiri hadharani. Mfumo unapima umbali kwa kuangalia ardhi chini ya mnyama. Kangaruu akiruka juu, unaona yuko mbali. Akitua, yuko karibu.

#28 Chumvi Nyingi

Sasa swala wa Mikumi je? Nao wanaruka. Na faini ya kumgonga mnyama pale anailipa Volvo?

#29 Jembe la Tunduma

Mikumi spidi ni 50 na 70 kwa hiyo punguza, usitafute mfumo. Nyani wa pale wanajua kuliko rada, anakuangalia kwanza ndio anavuka.

#30 Mpita Njia 77

Naomba nirudishe uzi kwenye reli. Mnabishana kioo, hesabu, daladala. Mimi nasema tatizo ni dereva mwenyewe. Kobe, tangu upate hilo gari umekuwa ukiendesha kama zamani? Jibu kwa dhati.

#31 Kobe Mwendo

Nadhani ndiyo. Labda simu naiangalia zaidi kidogo kwenye foleni. Kwa nini?

#32 Mpita Njia 77

"Labda simu kidogo." Sina swali zaidi mheshimiwa.

#33 Kijana wa Stuttgart

Mpita Njia amegusa kitu. Miaka ya 1980 pale Munich walifanya jaribio na teksi. Kampuni moja, gari aina moja, nusu zina ABS na nusu hazina. Breki bora kabisa za wakati huo. Wakafuatilia kwa miaka. Ajali zikawa karibu sawa! Waliweka watu wanajifanya abiria kumbe wanachunguza. Madereva wenye ABS walikata kona kwa nguvu zaidi, walisogelea zaidi wa mbele, walifunga breki kwa kishindo. Usalama waliopewa waliutumia kununua haraka. Inaendana na nadharia ya Profesa Gerald Wilde wa Kanada: kila mtu ana kiwango chake cha hatari anachokiona kinafaa, ukimpunguzia hapa anaiongeza pale.

#34 Mkulima wa Houston

Nadharia ya Wilde inapingwa sana mkuu. Ingekuwa kweli yote, ile asilimia 50 ya #14 isingekuwepo, madereva wangekuwa wamekwishaila. Subaru nao 2016 walitoa hesabu za Japani: gari zenye EyeSight ajali chini kwa asilimia 61 kuliko zisizo nayo, kugonga nyuma asilimia 84, watembea kwa miguu asilimia 49.

#35 Mwalimu wa Fizikia

Hizo za Subaru zimetolewa na muuzaji. Na anayelipa zaidi kununua EyeSight ni mtu mwoga tangu mwanzo. Wewe unapima mfumo au unapima woga?

#36 Mkulima wa Houston

Nakubali nusu. Ila IIHS hawauzi gari, wanafadhiliwa na wanaolipa madai. Wao wana kila sababu ya kusema ukweli.

#37 Mtoto wa Bima

Mtu wa bima kusifiwa kwa ukweli. Naihifadhi hii.

#38 BuibuiMweupe

Nauliza: usiku hizi kamera zaona watu? Kwa sababu mie mama yangu yuko Unguja, avuka njia magharibi na buibui jeusi.

#39 Mkulima wa Houston

Dada, kwa heshima, usizitegemee. Chama cha wenye magari cha huku, AAA, walijaribu gari nne 2019. Mtoto wa kuchezea anachomoka katikati ya magari mawili, spidi ya kilomita 32 tu kwa saa: waligonga asilimia 89 ya mara. Usiku walisema hazifai kitu. IIHS 2022 wakaja na hesabu ya ajali halisi: kwa jumla kugonga waenda kwa miguu kumepungua asilimia 27, lakini kwenye giza lisilo na taa za barabarani, tofauti ni sifuri. Gari mpya zimeboreka, na serikali ya huku 2024 iliandika sheria kwamba ifikapo Septemba 2029 kila gari ndogo mpya imtambue mtu mchana na usiku. Ila gari itakayokutana na mama yako njiani pengine ni ya 2014.

#40 Mama Lami

Basi mama avae koti la kung'aa kama la bodaboda.

#41 Mkulima wa Houston

Mama Lami, utanichukia. Januari 2025 IIHS walijaribu hilo hilo. Sanamu la mtu usiku, limevalishwa nguo yenye mistari ya kung'aa. Gari tatu. Mbili, Honda CR-V na Mazda CX-5, zilimgonga yule mwenye mistari, mara nyingi bila hata kupunguza. Ya Subaru ilimkwepa karibu mara zote. Inaonekana mistari inameremeta mpaka kamera haioni tena umbo la mtu. Binadamu anamwona vizuri, mashine inampoteza.

#42 Mama Lami

Nimefunga mdomo.

Hapana sijafunga. Kwa hiyo kile kikoti cha njano tulichowalazimisha bodaboda wote wavae...

#43 Mwalimu wa Fizikia

Jaribio lilikuwa la mtu kwa miguu anavuka, siyo pikipiki, na bodaboda ana taa na chuma. Usitangaze mtaani. Bado dereva wa kawaida macho yake yanakihitaji hicho kikoti, na madereva wa kawaida ndio wengi.

#44 Fundi Nyaya

Wakuu, Kobe alinifuata PM, leo kaja gereji. Kwa ruhusa yake naandika.

Kamera nimeipima: imehama, ila kidogo, siyo kama nilivyotegemea. Nimeiseti. Kilichonishangaza ni rada. Kifungio chake kimoja kimewahi kuvunjika kikagundishwa, na shoo ilishapakwa rangi upya, rangi nene. Hiyo si kazi ya hapa, imetoka Japani hivyo. Gari lilishakula mzinga wa mbele kabla ya mnada.

#45 Wakala wa Mnada

Karatasi ya mnada ilisemaje? Daraja gani? Kama ni R, yaani liligongwa likatengenezwa, basi liliandikwa.

#46 Kobe Mwendo

Karatasi nilipewa picha yenye ukungu. Nimeelewa sasa kwa nini ilikuwa na ukungu.

#47 Mwalimu wa Fizikia

Fundi, rada iliyoinama ingeona vibaya kila siku. Kobe ana gari mwaka mzima na imefunga mara moja tu, tena mbele yake kulikuwa na kitu kweli. Nashikilia: hata ingekuwa mpya ingefunga.

#48 Fundi Nyaya

Nami nashikilia nilichokiona kwa macho. Njoo Ilala nikuonyeshe gundi.

#49 Nairobi Mkavu

Na tairi aliyopandisha saizi? Hakuna mtu ameongea juu ya tairi. Spidi inasomwa kidogo kuliko ile ya kweli.

#50 Mwalimu wa Fizikia

Asilimia chache tu. Haikumfungia breki.

#51 Jembe la Tunduma

Nyote mnakwepa. Dereva wa daladala alikuwa anahesabu chenji na kondakta.

#52 Mama Lami

Kobe, sasa umeamuaje? Unazima au unaacha?

#53 Kobe Mwendo

Nimejaribu kuzima. Nabonyeza kitufe nashikilia, taa ya chungwa inawaka, imezimika. Nikizima gari nikawasha, imerudi. Jumamosi mama watoto aliendesha kwenda Kibaha, amerudi anasema gari lilimlilia akiwa anamkaribia mtu wa mkokoteni kwenye mvua, na ameniambia nikiigusa tena hiyo swichi nilale sebuleni. Kwa hiyo mimi nikiendesha nazima, yeye akiendesha inawaka.

#54 Chumvi Nyingi

Daladala walio nyuma yenu wanajuaje leo nani anaendesha?

#55 Kobe Mwendo

Nifikirie kubandika karatasi nyuma.

#56 Duka la Spea Ilala

Bosi Kobe, bampa la nyuma na taa vipo, kutoka Japani, rangi zote. Mlango wa nyuma nao upo. Taja gari na mwaka.

#57 Kobe Mwendo

Mwaka 2016. Gari sitaji.

#58 Duka la Spea Ilala

Sasa nikuuzieje bosi?

#59 Kobe Mwendo

Nakutumia picha PM. Nembo nimeifunika na tambara.